Basi Gani?

Kibanda cha Shemeji kina ukuta wa mbao tatu, na ubao wa katikati ndio daftari lake. Kwa chaki nyeupe ameandika: Konda wa 34, 150. Mama Chapo, 80. Pasta, 300. Ukilipa, anakufuta kwa kidole gumba. Pasta amekaa pale miezi mingi hata chaki imeingia ndani ya nyuzi za mbao, na Shemeji hataki kuliandika jina upya. Anasema anangoja aone kitakachofifia kwanza, deni au aibu.

Anashona viatu karibu na soko la Burma, si mbali na ule uwanja wa Jogoo Road ambao siku hizi unaitwa Joe Kadenge, ingawa sisi wa zamani bado mdomo unatuponyoka tunasema City. Moshi wa nyama choma unatufikia bure. Simwiti kwa jina lake na yeye haniiti kwa langu. Mimi ni wa Gor Mahia, yeye ni wa AFC Leopards, na kwa kuwa Wajaluo na Waluhya wameoana mpaka hakuna anayehesabu tena, mechi ya timu hizi mbili ni dabi ya Mashemeji. Basi, Shemeji. Wengine wote pale kibandani wananiita Mhazini, cheo nilichoacha zamani. Nitaeleza.

Jumatatu ya tarehe 11 Agosti 2025 nilimpelekea kiatu cha kushoto kilichofumuka mdomo. Kilifumuka Jumapili, nilipopanda juu ya benchi la watu Ryan Ogam alipowafunga Morocco kule Kasarani. Moja bila. Kenya, ambayo haikuwa imewahi kucheza CHAN, kombe la Afrika la wanaocheza ligi za nyumbani, inaipiga Morocco iliyokwisha kulibeba kombe hilo mara mbili. Benchi lilivunjika, kiatu kikafumuka, na mwenye benchi akakataa fidia. Alikuwa analia.

"Na ile milioni moja kwa kila mchezaji," nikasema, nikikaa. "Wavulana wameula."

"Milioni ya nani?" Shemeji hakuinua macho. Alikuwa anapaka uzi nta.

"Rais ameahidi. Kila ushindi, milioni kwa kila mchezaji."

"Nimekuuliza ni ya nani. Sikukuuliza nani ameahidi."

Mwalimu alikuwa ameketi juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa, mahali pake pa kila siku. Alifundisha hesabu miaka mingi, akastaafu, sasa anakaa Kaloleni na anakuja Burma kusoma gazeti la mtu mwingine. Akasema, kwa ile sauti ya kusahihisha daftari, kwamba deni la taifa kufikia Juni mwaka huo lilikuwa karibu shilingi trilioni 11.8, na kwamba Juni 2013 lilikuwa chini kidogo ya trilioni 1.9.

"Trilioni ina sufuri ngapi?" Shemeji akauliza.

"Kumi na mbili."

Shemeji akaweka sindano chini, akachukua chaki, akaanza kuandika kwenye ubao. Moja, moja, nane. Halafu sufuri. Alipofika sufuri ya saba alikuwa amemkaribia Konda wa 34. Ya tisa ikagonga ukingo wa mbao. Akasimama, akautazama ubao, akarudi kwenye kiatu changu bila kusema neno. Zile tarakimu nusu hazikufutwa siku ile.

Mwalimu akaendelea. Ukiligawa deni hilo kwa Wakenya wote, milioni hamsini na ushee, kila mmoja anabeba zaidi ya shilingi 200,000, pamoja na mtoto aliyezaliwa Pumwani asubuhi hiyo. Nami nimeisikia hesabu hiyo mara nyingi na sijawahi kuipenda. Inamfanya mtu ajione anadaiwa laki mbili na nani sijui, halafu kwa kuwa hakuna anayekuja kuzidai mlangoni, anasahau. Deni la taifa halidaiwi hivyo. Linadaiwa kidogo kidogo, ndani ya unga, ndani ya petroli, ndani ya simu. Mwaka 2024 Rais mwenyewe alisema kwamba katika kila shilingi 100 za kodi, 61 zinakwenda kulipa madeni. Hizo 61 ndizo ninazozielewa, kwa sababu nimewahi kusimamia daftari lenye ugonjwa huo huo.

Sisi mashabiki wa mpira wa hapa nyumbani si wageni wa madeni. Mtu anayeshabikia timu ya Uingereza kwenye televisheni anajua mabao na ada za uhamisho. Mtu wa Gor au wa Ingwe, yaani Leopards, anajua malimbikizo ya mishahara. Timu zote mbili zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu kuna waliochezea au kufundisha wakaondoka bila kulipwa. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipogombana na serikali mwaka 2019 juu ya kodi na leseni, udhamini ukakatika ghafla, na klabu zilizokuwa zimezoea kungoja pesa za mtu mmoja zikabaki zinatazamana. Desemba 2020 tulikwenda Algiers kucheza na CR Belouizdad, timu ikafika kwa taabu baada ya safari kucheleweshwa, tukafungwa sita. Sita! Timu iliyochukua Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 mbele ya Espérance ya Tunisia. Baba yangu alikuwa bado anazungumzia 1987 wiki aliyofariki.

Kwa hiyo shabiki wa hapa ameshajifunza maswali. Nani alitia saini? Pesa zilikwenda wapi? Mbona aliyekopa ameshaondoka ofisini na aliyepo anasema alilikuta? Tunayauliza kwa ukali mpaka mwenyekiti wa klabu anatokea mlango wa nyuma. Mweka hazina wa tawi la mashabiki tunamkagua kuliko tunavyoikagua Hazina ya Taifa, na hili nalisema nikiwa nimewahi kukaa upande wa kukaguliwa.

Msimu wa 2019/20 nilikuwa mhazini wa tawi letu. Kwenye orodha tulikuwa watu sitini, waliokuwa wanalipa ni thelathini hivi, shilingi 100 kila mechi. Hizo ndizo zilinunua ngozi ya ngoma, nauli ya mpiga tarumbeta, na bendera moja kubwa ambayo mvua imeipausha. Kukawa na mechi Kisumu. Watu hamsini wakasema wanakwenda, kila mmoja 1,000, atalipa akipanda basi. Basi lenyewe lilikuwa 50,000 na mwenye gari alitaka zote mapema. Kwenye boksi tulikuwa na 5,000.

Nikasimama kwenye mkutano, ulikuwa nyuma ya hoteli moja ya Makongeni, nikasema maneno ambayo hadi leo Shemeji akitaka kuniudhi anayarudia: "Basi litajilipa lenyewe."

Nilikopa 45,000 kwa muuza jezi wa Gikomba tuliyemjua miaka. Si mtu mbaya. Riba yake ilikuwa 4,000 kila mwezi mpaka mkopo wenyewe urudi wote. Lakini alitaka kitu cha kushikilia, na tawi la mashabiki halina shamba wala logibuku. Lina nini? Lina michango. Nikamwandikia karatasi, kwa mkono wangu, kwamba mambo yakienda mrama, nusu ya mchango wa kila mechi itakwenda kwake kwanza, kabla ya ngoma, kabla ya tarumbeta. Niliona nimefanya jambo la akili. Sikuweka rehani kitu chochote kilichopo, niliweka vitu ambavyo bado havijafika.

Ijumaa saa mbili usiku, basi likiondoka saa nne, ikaja habari kwamba mechi imeahirishwa.

Sitasema sababu, zilikuwa tatu na zilipingana. Nilimpigia mwenye basi. Akasema gari limelala kwa ajili yangu na amekataa watu wa harusi. Baada ya siku mbili za kubembelezana akarudisha 5,000, akaziita za utu. Nikazipeleka Gikomba moja kwa moja. Yakabaki 40,000, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameweka mguu kwenye ngazi ya basi lile. Wale hamsini wa "nitalipa nikipanda" walikuwa wakweli. Hawakupanda, hawakulipa.

Hapo ndipo nilipojifunza riba, somo ambalo Mwalimu anasema hafundishi tena kwa sababu watu hulielewa siku wakiumia. Mechi tatu kwa mwezi, watu thelathini, nusu ya mia: 4,500. Riba 4,000. Kila mwezi, baada ya kelele zote na kuhesabu sarafu kwenye kofia, deni lilikuwa limepungua kwa shilingi 500. Miezi themanini, Mwalimu akanipigia hesabu kwenye ganda la sigara. Karibu miaka saba. Na ngoma ilikuwa imepasuka, hakuna ngozi mpya. Tukawa tunakwenda uwanjani na ngoma inayolia kama debe.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, lakini harusi yangu mimi haikufanyika kabisa.

Machi 2020 ligi ikasimama kwa sababu ya korona, baadaye ikafungwa na Gor tukapewa ubingwa bila kumaliza mechi. Deni halikufungwa. Hakuna mechi, hakuna mchango. Nilikuwa nimelipa miezi mitatu, yamebaki 38,500, na nilikuwa nikiamka usiku kuyatazama kwenye daftari kama mtu anayetazama jino. Mara mbili nilituma riba kwa Fuliza, yaani nilikopa kwenye simu ili nimlipe mtu niliyemkopa. Mwishowe nikaenda Gikomba na barakoa yangu, nikamwambia muuza jezi ukweli. Duka lake nalo lilikuwa limefungwa nusu. Akasema: "Riba nimeisimamisha. Mpira ukirudi, tutaongea."

Miezi michache baadaye, Januari 2021, Mwalimu alitusomea kwamba Kenya imekubaliwa kuahirisha malipo ya madeni yake kwa nchi za Klabu ya Paris.

"Klabu ya Paris?" Shemeji akashtuka. "Ile ya Mbappe?"

Tulicheka mpaka Mama Chapo akaja kuuliza kuna nini. Klabu hiyo ni kundi la nchi zinazokopesha nyingine. Lakini ukweli ni kwamba mimi nilielewa habari ile palepale bila kufafanuliwa. Serikali imekwenda Gikomba na barakoa yake.

Mashabiki waliporuhusiwa tena viwanjani, tawi likapata damu mpya, vijana waliomaliza chuo, wenye sauti na simu nzuri. Mmoja wao sasa anafanya kazi katika ofisi ya sacco, kwa hiyo tunamwita Sacco. Siku yake ya kwanza alinipa mia. Niliiweka mia kwenye boksi, nikatoa hamsini, nikaiweka kwenye bahasha ya pembeni. Akaona.

"Mhazini, hiyo hamsini inaenda wapi?"

"Ya basi."

Akatazama huku na huku, barabarani, kwenye maegesho. "Basi gani?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani, na mengine niliulizwa na watu waliovaa sare. Hilo ndilo lililonikausha koo. Mwalimu akaingilia kunisaidia. Akamwambia kijana kwamba ukiingia kwenye nyumba unairithi na nyufa zake, kwamba hii ngoma unayotaka kuipiga ilinunuliwa na watu waliokutangulia, huwezi kupenda ngoma ukakataa deni.

"Ngoma nitaipiga," kijana akasema, kwa adabu kabisa. "Ngoma naiona. Nikiambiwa inadaiwa, nitachanga. Lakini basi sikulipanda mimi. Wala nyinyi hamkulipanda."

Nimeirudia kauli hiyo kichwani mara nyingi kuliko hotuba yoyote ya bajeti. Wazee wanapenda kusema deni ni deni. Si kweli, na kila anayekwenda Kasarani anajua si kweli. Barabara ya Thika iliyokamilika mwaka 2012 ilijengwa kwa mikopo pia, ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya benki ya Exim ya China, lakini sijawahi kumsikia shabiki ndani ya matatu akiilaani. Anaipita. Ni ngoma. Reli ya SGR, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, ina ubishi zaidi: abiria wanaipenda, mimi mwenyewe nimekwenda nayo Mombasa, lakini tuliambiwa mizigo itailipia, na mizigo iliposita ikaamrishwa ipande treni. Ni kama mimi ningewafuata wale hamsini majumbani kuwavuta mashati waingie kwenye basi. Halafu kuna mikopo ambayo ukiulizwa ilinunua nini, unaanza kusafisha koo.

Kijana akaomba daftari. Sikutaka kumpa, na si kwa sababu ya basi. Kwenye ukurasa wa Novemba kulikuwa na mstari nilioandika "Mengineyo, 1,200". Ulikuwa wali na nyama siku nilipokwenda kutafuta basi, na kadi za simu. Alisoma mpaka pale, akaweka kidole chini ya neno, akanitazama. Nikamwambia ni wali. Akasema sawa, angeandika wali.

Tulikwenda naye Gikomba. Akaongea yeye, mimi nimekaa kimya kama mtoto aliyeletwa na mzazi shuleni. Muuza jezi akakubali kupokea mkopo wenyewe tu, bila riba, 1,500 kila mechi, na kila malipo yasomwe mbele ya watu kabla ya kipenga. Ilichukua mechi ishirini na sita. Tulimaliza mwaka 2023, na siku hiyo nikamkabidhi mwingine daftari.

Sacco alikuwa mjini pia tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia Bunge kwa sababu ya Mswada wa Fedha na baadhi yao wakapigwa risasi wakafa. Alichokiona huko ni chake, siandiki. Ninachojua ni kwamba mswada ule ulitaka kukusanya kama bilioni 346 zaidi, mwanzoni ulikuwa na kodi ya mkate ndani yake, na siku iliyofuata Rais akasema hatautia saini. Wakubwa walishangaa watoto wametoa wapi ujasiri wa kusoma mswada kifungu kwa kifungu. Mimi sikushangaa. Nilikuwa nimeshawekewa kidole chini ya "Mengineyo".

Sasa turudi Jumatatu ile ya Agosti. Sacco alipita saa ya chakula, tai imelegea, akakuta zile sufuri nusu kwenye ubao.

"Hiyo ni nini, wazee?"

"Deni lako," Shemeji akamjibu. "Limekataa kuenea."

Ndipo tukaingia kwenye habari ya uwanja mpya wa Talanta, uliokuwa ukijengwa upande wa Ngong Road, pale Jamhuri, watu 60,000. Kazi ilizinduliwa Machi 2024 kwa ajili ya AFCON ya 2027 ambayo tutaandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Mimi ni mtu wa uwanja ule. Nimeshakwenda mara mbili kusimama nje ya uzio nitazame kreni. Mtu aliyeona Kenya ikinyang'anywa CHAN ya 2018 kwa sababu viwanja havikuwa tayari, Morocco wakapewa na wakalichukua kombe, hawezi kuzuia moyo wake akiona zege linapanda.

"Unajua unalipiwa vipi?" Sacco akauliza.

"China," nikasema. Wanaojenga ni China Road and Bridge, kwa hiyo nilidhani.

"Mjenzi ndiye wa China. Pesa ni za hapa." Akaeleza. Mwezi uliotangulia, Julai, kulikuwa na bondi iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, inaitwa Linzi 003, bilioni 44.79. Pesa za watu wenye akiba, mifuko ya pensheni na kadhalika. Wanarudishiwa kwa miaka kumi na tano, faida kama asilimia 15 kwa mwaka. Mwalimu akafumba macho: asilimia 15 ya 44.8 ni 6.7, kwa hiyo bilioni 6.7 mwaka wa kwanza kabla ya kugusa mkopo wenyewe.

"Nani anarudisha?"

"Mfuko wa michezo. Ule wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Mapato yake ya kila mwaka ndiyo yameshikwa. Yaani," akanigeukia, akitabasamu kidogo, "Mhazini, ni basi lako. Wameuza michango ya mechi ambazo hazijachezwa."

Nikasema angalau hili basi linaonekana. Akakubali. Akasema ndiyo maana hajakasirika nalo, bado. Akaongeza kwamba mtindo ni uleule kwenye barabara: katika kila lita ya petroli kuna shilingi 25 za ushuru wa barabara, na 7 kati ya hizo zimetengwa zilipie bilioni 175 za kuwalipa makandarasi waliokuwa wakidai. Wapo wanaosema huko si kukopa kwa serikali, ni kuuza mapato. Mimi niliyeandika ile karatasi ya Gikomba kwa mkono wangu nasema lile lilikuwa deni. Lingekuwa kitu kingine nisingekuwa nikiamka usiku.

Shemeji alikuwa amefika kisigino. Akauliza swali ambalo mimi, na ujuzi wangu wote, sikuwa nimelifikiria: "Huo mfuko wa michezo, nani anauchangia?"

"Kodi za kamari," Sacco akasema. "Bahati nasibu, mikeka, hizo."

Kukawa kimya. Pembeni kwa Mama Chapo kulikuwa na vijana wawili wameinamia simu moja, wanapanga mkeka wa jioni. Nilitoa simu yangu. Sipendi kuandika haya lakini nimeahidi daftari lililo wazi: mwezi wa Julai niliweka 2,350 kwenye kamari, nikatoa 600. Kila Jumamosi najiambia ni za kufurahisha mpira.

"Kwa hiyo nikiliwa," nikasema polepole, "najenga."

"Unalipa waliojenga," Mwalimu akasahihisha.

"Na nikiacha?"

Hakuna aliyejibu haraka. Kwa sababu tazama: mwisho wa Aprili mwaka huohuo, bodi iliyokuwa ikisimamia kamari ilikuwa imesimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, ikisema yanawaharibu watu, watoto hasa. Miezi mitatu baadaye tuna bondi ya miaka 15 inayotegemea kodi za kamari hiyohiyo. Mkono mmoja unatuambia tuache, mwingine umeshatuandikia kwamba tutaendelea kuliwa mpaka 2040. Mimi mwaka huo nitakuwa na miaka 67. Kijana wa mkeka pale kwa Mama Chapo atakuwa baba wa watoto wakubwa, na katika mahesabu ya mtu fulani aliyeketi ofisini, kila Jumamosi kati ya leo na siku hiyo ameshapoteza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaolia kwamba deni ni kubwa mno. Ukubwa ni jambo moja. Kinachonisumbua ni kulijenga deni juu ya udhaifu wa watu, halafu ukawa na sababu ya kutaka udhaifu huo usipone. Karatasi yangu ya Gikomba ilikuwa na ujinga, lakini ilimtegemea shabiki aje uwanjani, jambo ambalo nilimtakia. Hii inamtegemea shabiki afanye kitu ambacho mkewe anamwomba kila mwisho wa mwezi aache.

"Kwa hiyo serikali inaniombea mkeka uchanike," Shemeji akasema. Yeye huweka shilingi 20 tu, siku za dabi, na huwa anaiwekea Ingwe, kwa hiyo mchango wake kwa Talanta ni wa uhakika. Nilimwambia hivyo. Akanitupia kipande cha ngozi.

Na bado nitakwenda siku ya kwanza uwanja ukifunguliwa. Nimwambie nani uongo? Nitavaa kijani, nitapiga picha na kiti. Sacco amesema atakuja pia, mradi tupande matatu na kila mtu alipe konda mwenyewe.

Kiatu kilikuwa tayari. Shemeji alikipinda, akakivuta mdomo kwa meno ya koleo kuhakikisha uzi umeshika, akanipa. Mia mbili. Nilipapasa mfuko, nikafungua simu, nikakumbuka kilichobaki baada ya Jumapili.

"Nitakutumia jioni, Shemeji."

Hakusema kitu. Alichukua chaki, akatafuta nafasi kati ya Pasta na zile sufuri, akaandika kwa herufi ndogo: Mhazini, 200. Akapuliza vumbi vidoleni. Kisha akamuuliza Sacco kama kuna mtu anajua tiketi za mechi ya Zambia zinapatikanaje.